Kisukari, Korona na Upotoshaji wa Jina

Jina la maradhi laweza kumpoteza mgonjwa. Kwa kuwa tunayaita maradhi haya kisukari, wengi hudhani kwamba kinga yake ni kuacha kutia sukari katika chai, basi. (Wazungu nao hawakutushinda: jina lao la kitaalamu lina neno la Kilatini lenye maana ya utamu wa asali.) Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na imani hiyo. Chai aliinywa bila sukari, lakini sahani ya ugali aliijaza kama zamani.

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, aliogopa msongamano wa kliniki, akaacha kwenda kupimwa. Hofu yake haikukosa msingi. Huko Uingereza, takribani thuluthi moja ya waliofariki kwa korona hospitalini katika miezi ya mwanzo walikuwa na kisukari. Hata hivyo, kuikimbia kliniki kuliizidisha hatari. Sukari inapojaa katika damu kwa muda mrefu, chembechembe nyeupe zinazopambana na viini hudhoofika, na mishipa midogo huharibika. Korona nayo huishambulia mishipa iyo hiyo na kuchochea damu kuganda.

Tena uhasama huu ni wa pande mbili. Mwili unapopigana na ambukizo kali hutoa homoni zinazopandisha sukari na kuizuia insulini kufanya kazi yake. Isitoshe, deksamethasoni, dawa ambayo watafiti wa Uingereza walitangaza mnamo Juni 2020 kuwa huokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, nayo huipandisha.

Mwaka 2021 mjomba alilazwa, akatiwa oksijeni na kupewa dawa hiyo. Sukari ikapanda, daktari akaagiza insulini. Jamaa waligutuka, kwani kwetu sindano ya sukari huhesabiwa kuwa hatua ya mwisho kabla ya kaburi. Mkaza mjomba alilia, akakataa katakata. Nikaitwa mimi, daktari wa lugha, nimweleze kwamba insulini si sumu. Ni kitu ambacho kongosho la kila mzima wa afya hutoa kutwa kucha. Alfajiri alikubali.

Mjomba alirudi nyumbani, na miezi michache baadaye alirejeshewa vidonge vyake. Siku hizi hujipima mwenyewe asubuhi, na kliniki haikosi. Kuhusu kiasi cha ugali, yeye na mkewe bado wanabishana.