Vidudu vya chini ya mayi vinatoa ushahidi

Mutu anasimama kando ya Luilu ao Musonoi, anasema: "Mayi iko safi, unaona mpaka chini." Ndugu wanafunzi, hapa Kolwezi macho hayatoshi. Shaba na kobalti zikiyeyuka hazionekani. Hata chupa moja ya mayi unayopeleka labo inaeleza saa ile moja tu. Kama asidi ilimwagika usiku, asubuhi imekwisha kupita, inashuka kuelekea Lualaba.

Vidudu vya mawe na matope vinakaa palepale miezi mingi, vinakunywa yote yanayopita. Njo maana tunaviuliza. Kazi haiombi mashine kubwa: wavu wa matundu ya nusu milimita, unauweka upande mayi yanakoelekea, unachokora mawe kwa mguu, unamwaga yote ndani ya sinia nyeupe, unahesabu aina.

Tafuta kwanza vitoto vya wadudu wenye mikia mitatu myembamba, wanaopumua kwa matamvua. Shaba ikizidi, hao wanapotea mapema. Konokono vilevile; zamani watu walitia salfati ya shaba mitoni makusudi ili kuwaua na kupunguza bilharzia! Funza wekundu wanavumilia zaidi. Lakini ukikuta funza wekundu peke yao, usikimbilie kulaumu mgodi: mayi ya vyoo pia yanaleta hali hiyo. Linganisha juu na chini ya mfereji unaoshuku, kwenye mawe ya namna moja, wakati wa kiangazi, juu mafuriko ya mvua yanafagia vidudu.

Jirani zetu wa Zambia walichukua mbinu ya Afrika Kusini, SASS, wakaipatanisha na mito yao, wakaiita ZISS. Ni nzuri, ila alama zake zinafuata zaidi uchafu wa vyoo na mashamba kuliko metali. TFC inayozinakili tu itapotosha. Pima pia shaba na kobalti ndani ya matope: kidudu hakitaji jina la sumu.

Na watu wako ndani ya habari hii. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na KU Leuven walionyesha kobalti nyingi sana katika mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Kwa hiyo matokeo yako yatabishiwa. Hifadhi vidudu katika alkoli, na karatasi ya mahali na tarehe ndani ya chupa, iliyoandikwa kwa krayo. Wino wa biki unafutika.