Usonji Unatoka Ukoo wa Nani?

(Muziki wa kufungua. Unashuka.)

 

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya usonji. Tulisema ni hali inayoweza kumfanya mtoto achelewe kuongea, asiitikie akiitwa jina, akwepe kutazamana na watu, au arudie jambo moja kutwa nzima. Kesho yake mzee mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji. Akaniuliza: "Mwanangu, umesema usonji unahusu vinasaba. Basi unatoka ukoo wa nani, wa baba au wa mama?"

Foleni nzima ilinyamaza. Nilijua sababu. Katika mtaa ule kuna mama ambaye mumewe ameondoka, kwa kuwa ndugu wa mume walisema damu ya mama ndiyo mbaya. Wengine wanasema alilaaniwa njiani, tulipokuwa tunakimbia. Siku ya mgao wa chakula anamfungia mtoto ndani, ili watu wasimwone.

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Mimi nimesoma sekondari tu, si daktari. Nimekwenda kusoma na kuwauliza wahudumu wa afya, na leo jibu ninalo.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na vinasaba. Ndani ya seli za mwili wako kuna maagizo ya namna ya kukujenga: ngozi, macho, moyo, ubongo. Nusu ya maagizo hayo umeyapokea kwa mama, nusu kwa baba. Kila mimba inapotungwa, maagizo yanachanganywa upya, kama karata. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawalingani.

Fungu moja la maagizo linaitwa jeni. Wanasayansi wamekuta mamia ya jeni zinazohusika na usonji. Nyingi kati ya hizo zinafanya kazi wakati ubongo unajengwa, seli zake zinapoungana na kupelekeana habari. Ujenzi huo unaanza mtoto akiwa bado tumboni.

Kwa watoto wengi si jeni moja. Ni tofauti ndogo nyingi, nyingine za baba, nyingine za mama, zimekutana kwa mtoto mmoja. Tofauti hizo ndogo tunazo hata sisi tusio na usonji. Kwa watoto wengine ni badiliko jipya kabisa, ambalo baba hana na mama hana. Fikiria mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono: herufi moja inaweza kumponyoka. Hivyo hivyo badiliko linaweza kutokea yai au mbegu inapotengenezwa. Hapo hakuna dhambi ya mtu.

Utauliza, wamejuaje? Mwaka 1977, nchini Uingereza, watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Jozi 11 zilikuwa za mapacha wa kufanana kabisa, ambao vinasaba vyao ni sawa. Kati ya hizo, katika jozi 4 watoto wote wawili walikuwa na usonji. Jozi 10 zilikuwa za mapacha wasiofanana, na humo hakukuwa na hata jozi moja yenye wawili. Tafiti kubwa zilizofuata zimethibitisha kwamba vinasaba vina uzito mkubwa. Lakini angalia tena: katika jozi 7 za waliofanana, ni mmoja tu aliyekuwa na usonji. Kwa hiyo vinasaba si kila kitu.

Kabla ya hapo hata madaktari walikosea. Daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 huko Marekani mwaka 1943. Miaka mingi baada yake, wataalamu walikuwa wakisema mama wa watoto kama hao hawakuwapenda vya kutosha. Haikuwa kweli. Kumlaumu mama hakukuanza kambini kwetu.

Sasa kuna hali ya jirani na usonji, inaitwa Fragile X. Hii inatokana na jeni moja, iliyoko kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, na anaipata kwa mama. Najua mtu ataruka aseme: "Si nilisema ni mama!" Subiri kwanza. Mama huyo anaweza kuwa ameipokea kwa baba yake mzazi. Utamshtaki babu? Naye aliipokea bila kuchagua.

(Muziki mfupi.)

Na chanjo je? Mwaka 1998 gazeti la madaktari la Uingereza lilichapisha habari ya watoto 12, ikahusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 gazeti hilo hilo liliifuta habari hiyo. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 500,000: waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa. Sisi tunaishi tumebanana, na surua inaua. Mpeleke mtoto akachanjwe.

Kuna dawa moja ya kifafa, valproati, ambayo mama akiinywa akiwa mjamzito inaongeza uwezekano wa mtoto kupata usonji. Dada unayetumia dawa za kifafa, usiziache mwenyewe, kwa maana kifafa nacho kinaua. Ongea na daktari kabla ya kushika mimba.

Tena, si kila mtoto aliye kimya ana usonji. Huenda hasikii vizuri, au aliugua malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au ameona mambo ya kutisha vitani. Apimwe masikio kwanza.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini mtoto anajifunza. Tumia maneno machache. Mwonyeshe kitu unachokitaja. Fanya mambo ya siku kwa mpangilio ule ule. Usimfunge kamba, usimfungie ndani.

Mzee wangu wa foleni ya maji, jibu langu ni hili: hakuna ukoo wa kushtakiwa. Na wewe mama unayenisikiliza mlango ukiwa umefungwa, hukumharibu mtoto wako. Siku ya mgao, mwombe jirani akae naye. Jirani, ukiombwa, kubali.

Maswali ya kikundi: Katika mtaa wenu, nani analaumiwa mtoto akizaliwa tofauti? Nani anaweza kukaa na mtoto huyo saa mbili siku ya mgao?

Tukutane wiki ijayo. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)