Je, Wajua? Darasa la kidijitali bila intaneti

Je, wajua kwamba mtoto wa Mbeere, Embu, au wa Igembe, Meru, anaweza kusoma kidijitali bila intaneti? Mradi wa DigiSchool ulioanza mwaka 2016 ulisambaza vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma nchini Kenya. Pamoja na tabuleti zilikuja projekta, ruta na seva inayohifadhi masomo papo hapo shuleni. Seva hiyo ndiyo inayostahili sifa zaidi, kwani ndiyo inayoondoa haja ya intaneti.

Umeme nao haukwepeki. Shule zilizo mbali na nyaya zilitegemea sola.

Na nyumbani? Simu ya kabambe ya mzazi, ile ya kawaida isiyo simu janja, ilitosha: Eneza, kampuni iliyoanzishwa Nairobi, ilituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, hata shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020.