Mtoto anakwenda shule kwa baiskeli? Chagua tairi la kuhimili miiba bila kumchosha

Kwa mtoto anayesoma kilomita tano au sita kutoka nyumbani, pancha moja ya asubuhi inatosha kuharibu siku nzima. Atasukuma baiskeli njia nzima na kufika kipindi cha kwanza kimekwisha. Pancha ikitokea jioni, giza litamkuta njiani, na kama ni binti, hakuna mzazi atakayetulia nyumbani.

Utafiti uliofanyika vijijini nchini Zambia ulionyesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli walipunguza muda wa kwenda shule kwa takribani theluthi moja, na siku zao za kukosa masomo zilipungua kwa zaidi ya robo. Lakini baiskeli iliyoegeshwa ukutani ikisubiri kiraka haimpeleki mtu shule.

Hapo ndipo wazazi wengi huomba dukani tairi nene kuliko yote. Miiba inapungua kweli, lakini baada ya wiki mbili mtoto analalamika kuwa baiskeli imekuwa nzito, na kwenye kilima anashuka na kukokota. Tairi zuri ni lile linalozuia mwiba na bado linazunguka kwa wepesi.

Kwanza, pancha inatoka wapi?

Kabla ya kununua chochote, muulize fundi tundu lilikuwa upande gani wa tyubu.

Tundu moja upande wa nje, unaoelekea barabarani, ni la mwiba, msumari, chupa au vile vijiwaya vyembamba vinavyotoka kwenye matairi ya magari yaliyochakaa. Hili tairi bora linaweza kulizuia.

Matundu mawili yaliyokaa jirani, kama alama ya meno ya nyoka, yametokana na upepo mdogo. Gurudumu limegonga jiwe au ukingo wa shimo, na rimu ikaibana tyubu.

Tundu la upande wa ndani, unaoelekea katikati ya gurudumu, ni la kichwa cha spoki. Utepe unaofunika spoki kwenye rimu umechakaa au umesogea. Hapa hata ukinunua tairi la bei kubwa kiasi gani, pancha itarudi palepale. Badilisha utepe.

Nene si lazima liwe bora

Tairi linapozunguka, sehemu iliyogusa ardhi hujikunja kidogo kisha hujinyoosha. Mpira ukiwa mnene na mgumu pande zote, kujikunja huko hula nguvu za miguu. Ndiyo maana mtoto anachoka.

Matairi yaliyotengenezwa kuzuia pancha huwekewa kinga katikati tu, chini ya uso unaokanyaga barabara, huku kuta za pembeni zikiachwa laini. Kinga hiyo ni ya aina mbili.

Ya kwanza ni kitambaa cha nyuzi ngumu, za nailoni au Kevlar. Nyuzi za Kevlar zilivumbuliwa mwaka 1965 na mkemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, wakati kampuni yake ya DuPont ikitafuta nyuzi nyepesi na imara za kutengenezea matairi. Kinga hii ni nyembamba, haiongezi uzito mkubwa, na hufaa mjini ambako adui ni vipande vya chupa. Ila mwiba mwembamba unaweza kupenya kati ya nyuzi.

Ya pili ni tabaka la mpira laini unaovutika. Mwiba huingia, lakini huishia humo kabla ya kufika kwenye tyubu. Tairi la Schwalbe Marathon Plus, kwa mfano, lina tabaka la unene wa milimita tano. Ni zito zaidi, lakini kwa njia zenye mbigili au migunga, kama maeneo makavu ya Dodoma na Singida, ndilo linalostahili. Hata hivyo, hakuna tairi la kuzuia mwiba mrefu wa mgunga uliosimama wima.

Dukani angalia haya

Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya tairi, kisha bonyeza ukuta wa pembeni. Katikati pawe pagumu na panene, pembeni pakunjike kwa urahisi. Likiwa gumu kama gogo kote, liache.

Nyanyua matairi mawili ya saizi moja. Kama yote yana kinga, chagua lililo jepesi kidogo, hasa kwa mtoto mdogo.

Kwa barabara ya lami na njia ya udongo ulioshindiliwa, chagua tairi lenye mstari laini katikati. Meno makubwa ni ya tope na mchanga. Kwenye lami huvuma na kupunguza mwendo.

Soma namba. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani hutumia 26 x 1 3/8, na zile za milimani hutumia 26 x 1.95. Zote huitwa "ishirini na sita", lakini hazibadilishani. Tafuta namba ndogo ubavuni: ya kwanza imeandikwa 37-590, ya pili huishia na 559. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita, na lazima ifanane na ya tairi la zamani.

Kama fedha inatosha tairi moja tu, anza na la nyuma. Ndilo linalobeba uzito mkubwa, hasa mtoto akimpakia mdogo wake kwenye keria.

Njia nyingine je?

Tyubu nene husaidia na bei yake si kubwa, ingawa huongeza uzito. Unaweza pia kuchana tyubu kuukuu kwa urefu na kuitandika kati ya tairi na tyubu mpya. Kutandika tairi kuukuu hakufai, kwa kuwa kingo zake hukwangua tyubu hadi itoboke.

Dawa ya maji ya kuziba matundu hufanya kazi kwa tundu dogo la mwiba, lakini hukauka baada ya miezi kadhaa na huhitaji kuongezwa.

Tairi la mpira mtupu, lisilo na upepo kabisa, halipati pancha. Hata hivyo, kila jiwe humfikia mtoto mgongoni na mikononi, na spoki hukatika mapema. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alilikimbia tairi la namna hiyo mwaka 1887 alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hakuna sababu ya kumrudisha mtoto wako huko.

Dakika tano za Jumapili

Tairi jipya bila matunzo halitadumu. Kila mwisho wa wiki jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kipimo cha PSI. Mtoto mwepesi asiyebeba mzigo anaweza kutumia pungufu kidogo. Akibeba ndoo ya maji au mtu, ongeza, ila usivuke kiwango cha juu.

Kisha zungusha gurudumu taratibu na ung'oe kila kijiwe, kioo na mwiba ulionasa. Mwiba mwingi hautoboi siku ile ile. Hukaa kwenye mpira na kusogea ndani kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka.

Ifanye kazi hiyo pamoja na mtoto. Mpe pampu, viraka na gundi vya kuweka kwenye begi, na umfundishe kuziba akiwa nyumbani, kabla hajalazimika kujaribu peke yake njiani.