Maneno ya Wimbo Yana Uzito Wake

Wapo wasemao kuwa muziki ni gitaa na ngoma tu, na kwamba maneno si lazima. Ushahidi wao hauko mbali: makambini na mijini, watu wengi wasiojua Kilingala wamezicheza kwa miaka mingi nyimbo za Franco Luambo na bendi yake ya O.K. Jazz bila kuuliza maana.

Lakini mjini Kinshasa, ambako kila neno lilifahamika, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1978 Franco alitiwa gerezani kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Hakuna aliyelilaumu gitaa lake. Mdomo ndio ulioponza kichwa.

Mwaka 1987 mwimbaji huyo huyo alitoa wimbo "Attention na SIDA", kuonya juu ya ukimwi. Safari hii aliimba sehemu kubwa kwa Kifaransa, lugha isikikayo katika nchi nyingi za Afrika. Aliyecheza tu alipata burudani. Aliyesikiliza alipata onyo la kuokoa maisha yake na ya jamaa yake.

Basi, ndugu msomaji, uwe askari uliye mbali na nyumbani au mama uliye na watoto kando ya redio, wimbo ukikupendeza na lugha yake huijui, mwulize anayeijua. Watoto hukariri upesi wasichokielewa. Mdundo hukoma dansi ikiisha, bali neno hubaki moyoni.