Kichakataji na Wingi wa Faili: Istilahi Inayojieleza

Istilahi kichakataji, yaani prosesa ya kompyuta, yatokana na kitenzi chakata. Kitenzi hiki ni cha kawaida katika kazi ya mkonge, zao lililopandwa Kikogwe karibu na Pangani, kaskazini ya Bagamoyo, mwaka 1893. Korona hulishwa majani kwa mfululizo. Yakirundikana, kazi hukwama. Kadhalika, faili nyingi zinapopokewa na kugawiwa kwa wakati mmoja kwa njia ya BitTorrent, kichakataji hulazimika kuhakiki kila kipande na kuhudumia kila muunganisho, hata kompyuta nzima ikazorota. Dawa yake ni kuweka kikomo cha faili na miunganisho, nyingine zikingoja zamu. Neno prosesa halimdokezei mtumiaji wa Bagamoyo jambo hilo, kichakataji humdokezea.