Mwenda Pole Hajikwai: Taijiquan baina ya Afya na Kujihami

Utangulizi

Kwa wengi waliolelewa na filamu za Bruce Lee katika majumba ya sinema ya Afrika Mashariki, neno kungfu huleta picha moja tu: mateke ya kuruka na mapigo yasiyoonekana kwa kasi. Katika Kichina, hata hivyo, neno hilo halikutokana na vita. Gongfu ni umahiri unaopatikana kwa kazi na kwa muda. Mpishi hodari ana gongfu, na mwandika hati mwenye mkono mzuri ana gongfu. Sanaa za kupigana zenyewe huitwa wushu, yaani wu, mambo ya vita, na shu, sanaa au mbinu.

Tofauti hii ya maneno inalizua swali lenye uzito. Mtu anayeamka alfajiri kufanya miondoko ya Kichina taratibu chini ya mti, je, anaujenga mwili wake au anajifunza kumshinda adui? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kurejelea taijiquan, sanaa inayofanywa na watu wengi mno duniani. Hoja inayotetewa ni kwamba afya na kujihami vina shina moja katika sanaa hii, ila matawi yake yameachana. Anayetaka tunda la tawi moja hana budi kulipanda tawi hilo hasa. Akikosea, huenda akaanguka.

Asili ya Taijiquan

Taiji ni dhana ya kifalsafa inayorejelea asili kuu ya ulimwengu, ambamo yin na yang, yaani ulaini na ugumu, utulivu na mwendo, huzaana na kukamilishana. Quan ni ngumi. Jina lenyewe basi limebeba mambo mawili: fikra na pigo.

Masimulizi ya jadi humtaja Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao wa mlima Wudang, kuwa ndiye mwasisi, aliyeibuni sanaa hii baada ya kutazama ndege na nyoka wakipigana. Katika miaka ya 1930, mwanahistoria Tang Hao aliyachunguza masimulizi hayo na kuyapinga. Uchunguzi wake ulimfikisha katika kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, ambako ukoo wa Chen ulikuwa umerithishana mbinu hizi kizazi baada ya kizazi tangu karne ya 17. Chen Wangting, anayetajwa katika kumbukumbu za ukoo huo, alikuwa ofisa wa kijeshi katika siku za mwisho za nasaba ya Ming, iliyoanguka mwaka 1644.

Mikao mingi ya mtindo wa Chen ina majina yaleyale yanayopatikana katika kitabu cha kijeshi cha jemadari Qi Jiguang (1528–1588), aliyepigana na maharamia wa pwani ya China. Katika kitabu hicho Qi alikusanya mikao 32 ya ngumi. La kuzingatiwa ni kwamba jemadari huyo hakuifanya ngumi kuwa silaha ya kushindia vita. Alikiri kuwa haina manufaa makubwa katika mapambano ya majeshi, lakini akaithamini kwa sababu huvilainisha viungo, huizoesha miguu na mikono kazi, na kumwandalia askari mgeni njia ya kujifunza mkuki na upanga. Kwa hiyo, tangu zamani hizo, mazoezi ya ngumi yalihusishwa na kuuandaa mwili kabla ya kuhusishwa na kumwangusha adui.

Kutoka Kijijini hadi Bustanini

Katika karne ya 19, Yang Luchan, mzaliwa wa Yongnian katika mkoa wa Hebei, alijifunza huko Chenjiagou kwa Chen Changxing. Baadaye alikwenda Beijing na kufundisha miongoni mwa watu wa tabaka la juu. Sifa yake ilikuwa ya mpiganaji. Hata hivyo, zama zilikuwa zinabadilika. Bunduki na mizinga viliipunguzia ngumi heshima yake, na kushindwa kwa wapiganaji wa uasi wa Yihetuan mwaka 1900 kulidhihirisha kwamba mwili, hata ukifunzwa namna gani, hauzuii risasi.

Sanaa za kupigana hazikufa. Zilitafuta kazi nyingine. Wanamageuzi wa China walianza kuzihimiza kama njia ya kulijenga taifa lenye watu wakakamavu. Yang Chengfu (1883–1936), mjukuu wa Yang Luchan, alieneza mtindo wa miondoko mipana, ya polepole na yenye mwendo sawia, ambao hata mtu asiye na nia ya kupigana aliweza kuufuata. Mwaka 1956, kamati ya michezo ya serikali ya China ilitoa mfululizo uliorahisishwa wa miondoko 24, uliotokana na mtindo wa Yang. Mfululizo huo humalizika kwa dakika chache tu. Ndio ulioipeleka taijiquan bustanini, shuleni na hospitalini, na baadaye ng'ambo. Mnamo Desemba 2020, UNESCO iliiingiza taijiquan katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mtindo wa Chen, kwa upande wake, umehifadhi mengi ya awali. Ndani yake mwendo wa taratibu hukatizwa ghafla na mapigo ya kulipuka, mithili ya mjeledi, pamoja na kuruka na kukanyaga chini kwa kishindo. Atazamaye mitindo hii miwili kwa mara ya kwanza angeweza kudhani kuwa ni sanaa mbili zisizojuana.

Manufaa ya Kiafya

Upole wa taijiquan usimdanganye mtu kuwa ni mazoezi mepesi. Siri yake imo katika uhamishaji wa uzito. Mwanafunzi hukunja magoti kidogo, akaweka uzito wote wa mwili juu ya mguu mmoja, kisha ndipo auinue mwingine na kuutua bila kuuegemea, mfano wa paka anyatiaye. Mguu uliobeba uzito huitwa uliojaa, na ule mwingine huitwa mtupu. Kiuno ndicho kinachoongoza, mikono hufuata. Kwa kuwa mwendo ni wa polepole, hakuna kasi ya kuusaidia mwili kupita pale unapoyumba. Misuli ya mapaja na vifundo vya miguu hulazimika kufanya kazi kila nukta, na akili hulazimika kujua kila kiungo kiko wapi.

Utafiti wa kitabibu umeunga mkono manufaa haya. Mwaka 2012, Fuzhong Li na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 195 wa ugonjwa wa Parkinson, ambao huathiri mwendo na msawazo wa mwili. Wagonjwa waligawanywa katika makundi matatu: la taijiquan, la mazoezi ya kuimarisha misuli, na la kunyoosha viungo. Walifanya mazoezi kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki 24. Kundi la taijiquan liliyapita makundi yote mawili kwa msawazo, na wagonjwa wake walianguka mara chache kuliko wale wa kunyoosha viungo. Mwaka 2018, jaribio jingine la Marekani, lililohusisha watu 226 wenye maumivu sugu ya misuli, lilibaini kuwa taijiquan iliwapunguzia dalili kwa kiwango sawa na mazoezi ya kawaida ya kuhemesha, au zaidi.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Katika suala hili methali hiyo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka bafuni aghalabu hairejelei tena hali yake ya awali. Kwake yeye, sakafu ni hatari ya kila siku kuliko mwizi wa njiani, na anayejifunza kutoanguka amejihami kwelikweli.

Hata hivyo, mipaka ipo. Walimu wengi huyaeleza manufaa haya kwa dhana ya qi, nguvu ya uhai ambayo katika tiba ya jadi ya Kichina huaminika kuzunguka mwilini. Hakuna kipimo cha kisayansi kilichoithibitisha nguvu hiyo, na mwanafunzi hahitaji kuiamini ili afaidike. Aidha, mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa. Goti linalopinda kuelekea upande usiofuata vidole vya mguu huumia, na wengi hujijeruhi kwa kushuka chini mno kabla ya miguu kupata nguvu.

Suala la Kujihami

Jadi ya Kichina huzigawa mbinu za kupigana katika mafungu manne: kupiga teke, kupiga kwa mkono, kuangusha na kukamata viungo. Mafungu yote manne yamo katika miondoko ya taijiquan. Mathalani, muondoko uitwao "kuushika mkia wa ndege" humwonekania mtazamaji kama dansi. Kiini chake ni vitendo vinne: kuupokea mkono wa adui kwa mkono uliojaa kama mpira, kumvuta upande aliokwisha kuelekea, kumbana, kisha kumsukuma akiwa amepoteza msawazo. Msingi wake ni kutoshindana nguvu kwa nguvu, bali kuielekeza nguvu ya adui kwingine.

Ili kanuni hii iingie mwilini, wanafunzi wawili hugusana mikono na kusukumana kwa zamu, kila mmoja akisikiliza kwa ngozi yake nia ya mwenzake. Zoezi hili huitwa tuishou. Wengi wa wanaofanya miondoko 24 bustanini hawajawahi kulifanya. Na hata tuishou si mapigano, kwa kuwa mwenzako hakurushii ngumi ya uso.

Aprili 2017, katika mji wa Chengdu, Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bingwa wa taijiquan, alipambana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mseto ya kisasa. Wei alilazwa chini kabla ya nusu dakika kwisha. Kanda ya pambano hilo ilizagaa China nzima, na chama cha wushu cha nchi hiyo kikalishutumu kuwa limekiuka maadili ya sanaa hiyo. Wapo waliodai kuwa taijiquan ni ulaghai mtupu. Wapo waliodai kuwa Wei hakuijua.

Pambano moja halitoshi kuihukumu sanaa nzima, lakini lilifichua jambo ambalo adabu ilikuwa imelisitiri: umahiri usiojaribiwa na mpinzani asiyekubali kushindwa hauwezi kutegemewa. Mtu anaweza kuikariri sarufi ya lugha yote pasi na kuizungumza sokoni. Siku atakapotukanwa, ulimi utamwia mzito. Ndiyo sababu China yenyewe, kuanzia mwaka 1979, ilianza kuujaribu mchezo wa sanda, unaoruhusu mateke, ngumi na miereka baina ya wapinzani wanaopigana kwa dhati. Mwalimu wa taijiquan anayenuia kufundisha kujihami hana budi kupita njia kama hiyo: miondoko kwanza, tuishou baadaye, kisha mapambano yenye upinzani halisi, kwa vikinga mwili na kwa usimamizi.

Mwanafunzi mpya basi anafaa kumwuliza mwalimu wake maswali mawili. La kwanza: je, hapa tunajifunza nini? La pili: tunakijaribuje? Mwalimu mwaminifu atajibu bila kukasirika. Anayeahidi kumwangusha adui kwa qi bila kumgusa, na kukataa kujaribiwa, anauza ujasiri usio na msingi. Kijana atakayeununua na kumkabili mwenye kisu, badala ya kukimbia, anaweza kuulipia kwa uhai wake.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa taijiquan ilizaliwa miongoni mwa watu wa vita, ikalelewa na ukoo wa kijijini, na hatimaye ikageuzwa mazoezi ya umma. Afya na kujihami vyote vimo ndani yake, ila havipatikani kwa mazoezi ya aina moja. Anayetafuta afya ana ushahidi mwema wa kumtia moyo, na dakika chache za kila siku zitamfaa. Anayetafuta kujihami ana safari ndefu zaidi, yenye jasho na michubuko. Kwa wote wawili, neno gongfu linasalia na maana yake ya asili: kazi, na muda.